Kijana wa Mnarani Asiyekula Kamongo

Kitabu chenyewe nilikikuta sokoni Bukoba, chini ya rundo la mikoba ya mitumba, pembe zake zimejikunja kama masikio ya mbuzi. Jalada lilikuwa la bluu, lina ukuta mrefu na mnara, na msichana aliyegeuka nyuma kana kwamba kuna mtu amemwita. Nilimuuliza muuzaji bei. Akakitazama kitabu, akanitazama mimi, akasema, "Dada, hicho ni cha watoto wa sekondari." Nikamjibu kwamba mimi nafundisha sekondari. Ilikuwa kweli, nafundisha kemia Muleba, ila sikumwambia kwamba hakuna mwanafunzi ambaye angekigusa kabla yangu. Nilikifungua nikiwa nimesimama pale pale, na nilipoinua kichwa, mama niliyekuwa naenda kununua nyanya kwake alikuwa ameshafunga meza na kuondoka.

Niseme mapema ili tusidanganyane: nina miaka ishirini na minane, nina shahada, walimu wenzangu wananiita mtu makini, na kitabu kile kilinitia wazimu.

Kisa kinatokea miaka mingi ijayo, katika mji wa chuma uliozungushiwa ukuta. Hakuna udongo, hakuna ziwa, hakuna mvua ya bure. Maji yanagawiwa na Baraza kwa kikombe. Ukitimiza miaka kumi na saba unavishwa bangili, na mashine inakuchagulia mume au mke. Kumpenda mwingine ni kosa, na kosa kubwa kuliko yote ni kumtaja mtu huyo kwa jina mbele ya Baraza. Msichana wetu ana bangili ya kijani na mchumba wa kupangiwa anayetafuna kwa sauti. Halafu kuna kijana anayelinda mnara. Huyo hana bangili kabisa, kwa sababu alizaliwa nje ya ukuta na kuingizwa mjini kwa siri. Kitakachotokea mnakijua. Mimi nilikijua tangu ukurasa wa tisa, na kujua hakukunisaidia chochote.

Nilisoma nikichemsha chai mpaka sufuria ikaungua. Nilisoma ofisini nimekificha ndani ya daftari la maandalio ya masomo. Siku moja nilipangwa kusimamia mtihani wa kidato cha pili, darasa kimya, kalamu tu zinakwaruza, nami nimefika pale ambapo kijana wa mnarani anamshika msichana mkono kwa mara ya kwanza ili kumsomea namba ya bangili. Anamsomea namba tu, hakuna kingine! Nikasikia sauti ikipiga kelele, "Mama yangu weee!" Vichwa arobaini vikainuka. Sauti ilikuwa yangu. Nikajipiga begani nikisema nyigu, nyigu, endeleeni na kazi. Binti mmoja wa mstari wa mbele alikitazama kile kitabu, akanitazama, akainama kuandika huku mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa heshima ya ajabu.

Sasa, kulikuwa na sababu iliyofanya kitabu kile kiniingie namna hiyo, na sababu hiyo ilikuwa na pikipiki. Pale Muleba kuna bwana shamba mmoja, mtaalamu wa kahawa na migomba, mtu wa Rubafu, mrefu, mpole, ana tabia ya kugusa jani la mgomba kama daktari anayepima homa ya mtoto. Tulikuwa tunapendana. Natamani niliseme hilo kwa uzuri zaidi lakini ndivyo lilivyokuwa, tulikuwa tunapendana mpaka watu wa mgahawa tuliozoea kunywa chai walikuwa wanatucheka waziwazi. Alikuwa tayari kupeleka mshenga kwetu. Alikuwa na sharti moja tu: kwanza mimi nimwambie bibi yangu, kwa sababu si adabu mshenga kuingia nyumba ya watu kama mvua isiyo na wingu. Nilimwahidi nitamwambia wiki hiyo hiyo. Miezi mitatu ikapita.

Bibi ndiye aliyenilea, huko Kanazi, katika kibanja chake cha migomba na mibuni. Kwa bibi sisi ni Walutheri kama vile mawe ni mawe. Anaimba kwaya ya akina mama, ana kiti chake kanisani ambacho hata mgeni wa mara moja anaelezwa asikikalie. Binti wa jirani alipoolewa na Mkatoliki, bibi alisema neno moja tu, "Amevuka," kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza msiba. Na bwana shamba wangu ni Mkatoliki, mtoto wa mwenyekiti wa jumuiya, aliyetumikia misa tangu ana miaka minane. Kila Jumamosi nilipanda gari kwenda Kanazi nikiwa na maneno tayari mdomoni, na kila Jumapili nilirudi nayo Muleba yakiwa mazima.

Jumamosi niliyokwenda na kitabu, nilikaa jikoni namenya ndizi pamoja na bibi, utomvu umetuchafua vidole, na maneno yangu yakagoma kama kawaida. Bibi akasema, "Unacheka nini peke yako?" Sikujua kwamba nilikuwa nacheka. Badala ya kumwambia habari za bwana shamba, nikamwambia habari za kitabu.

Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimya mistari kadhaa kisha nasimulia, nusu Kihaya nusu Kiswahili. Nilipofika kwenye mashine inayochagua wachumba, bibi aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo mashine ndiyo mshenga?"

"Ndiyo, bibi."

"Imekwenda nyumbani kwa binti?"

"Haiendi popote. Iko ofisini."

"Imeuliza kama kwa kina kijana kuna kifafa? Kama ni wavivu? Imepeleka hata kibuyu kimoja cha lubisi?"

Nikasema hapana, hata pombe hakuna. Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akauliza wanakula nini watu hao. Nikamwambia wanakula uji wa kijivu unaotoka kwenye bomba. "Na ndizi?" Nikasema hawana ndizi, hata mgomba hawaujui. Bibi akaokota kisu chake, akasema, "Basi hao walishakufa, hawajaambiwa tu."

Kwa hiyo mwandishi alikuwa ametumia kurasa hamsini kueleza kwamba dunia imeharibika, na bibi yangu akalimaliza jambo lile kwa swali moja la ndizi.

Tulipofika kwa kijana wa mnarani nilisimama. Sikuweza kumsimulia nikiwa nimekaa. Nilieleza macho yake, ukimya wake, jinsi anavyoegemea ukuta, nikapaka utomvu kwenye sketi na sikujali. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akauliza swali ambalo ningelitegemea kama akili yangu ingekuwa mahali pake.

"Muziro wao ni nini?"

Muziro ni kile ambacho ukoo hauli, mnyama au samaki, na wenye muziro mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Kwetu hakuna mapenzi yanayoanza kabla ya swali hilo. Ukisahau kuuliza unaweza kujikuta umempenda kaka yako. Bibi hakuwa na nia ya kuwafurahia vijana wale wawili, wala kumpa msichana ruhusa ya kushikwa mkono, mpaka ajue.

Kitabu, bila shaka, hakikusema. Ningemwambia hivyo na angekataa kuendelea kusikiliza, nami nilikuwa natamani sana tufike ukurasa wa mia na arobaini na mbili. Nikajibu haraka haraka. Msichana nikampa muziro wetu, mnyama pongo. Kwa kijana nikatafuta kichwani muziro wa mwanamume, na kichwani mwangu alikuwamo mwanamume mmoja tu.

"Kijana hali kamongo," nikasema.

"Kamongo," akasema bibi.

"Ukoo wao hawamli samaki huyo kabisa."

"Vizuri," akasema. "Basi si ndugu. Endelea."

Nikaendelea, na furaha ilinizidi kiasi kwamba sikuona kosa langu. Wiki zile tano zilikuwa tamu kuliko nyingi nilizowahi kuishi. Jumatatu mpaka Ijumaa nafundisha asidi na besi, jioni nasoma mbele kidogo ili nijue pa kuishia, Jumamosi asubuhi naondoka Muleba kama mtu aliyeitwa harusini. Bibi alianza kunisubiri. Nilikuta ndizi zimeshakatwa, maharage yameshachambuliwa, kigoda changu kimewekwa karibu na mlango penye mwanga. "Mbwenu, sasa wale watoto wamefikia wapi?" ndiyo ilikuwa salamu yangu, kabla hata hajaniuliza kama nimeamka salama. Jumapili moja, tukitoka kanisani, nilimsikia akimweleza mwenzake wa kwaya kwamba kuna mji mmoja wanagawa maji kwa kikombe na Baraza lao halina huruma. Yule mama alisikitika sana, akauliza kama tunaweza kuwakumbuka katika maombi. Bibi akasema itafaa.

Nilikuwa naongeza chumvi, nakiri. Bibi akipenda kipande, nakirefusha. Sehemu ambayo kijana anapanda mnara wakati wa dhoruba ili kuzima taa na kumwokoa msichana, niliisimulia kwa mikono na miguu. Nikapanda kwenye kigoda. Nikasema, "Akatazama chini, kizunguzungu kikamshika, akafanya ishara ya msalaba, akaruka!" Na mkono wangu mwenyewe ukaenda kwenye paji la uso, kifuani, bega hili na bega lile, jinsi nilivyozoea kumwona mtu fulani akifanya kabla ya kuwasha pikipiki. Bibi alinitazama juu ya kigoda. Aliniambia tu nishuke kabla sijavunjika mguu.

Katikati ya hadithi alikuwa akilalamikia migomba yake ya chini, ile ya karibu na njia, iliyoanza kugeuka njano na kunyauka mmoja baada ya mwingine. "Sijui nimuite nani," alisema mara mbili, mara tatu. Nami nilijua kabisa wa kumuita, namba yake niliijua bila kuangalia simu, na nikafungua ukurasa unaofuata. Woga ni kitu cha aibu. Nilikuwa tayari kuona migomba ya bibi ikifa kuliko kutamka jina moja.

Kisha ikaja Jumamosi ya mwisho. Sikuwa nimesoma mbele safari hiyo. Nilitaka tumalize pamoja, mimi na yeye, sote hatujui. Ni uamuzi ninaoujutia mpaka leo kwa upande mmoja na kuushukuru kwa upande mwingine.

Mambo yanaharibika. Kijana anakamatwa. Baraza linakaa, watu wote wa mji wanasimama uwanjani, na anasomewa kwamba atatupwa nje ya ukuta isipokuwa kama kuna mtu yeyote wa kumtetea kwa jina. Msichana yuko katika umati. Mama yake amemshika mkono, anauminya, maana yake nyamaza. Mkubwa wa Baraza anauliza mara ya kwanza. Anauliza mara ya pili. Msichana anajitoa mkononi mwa mama yake, anapita katikati ya watu, anasimama mbele. Mkubwa wa Baraza anamuuliza, "Una neno?" Msichana anafungua mdomo.

Nikafungua ukurasa. Ulikuwa mweupe. Nikafungua mwingine, kuna tangazo: hadithi itaendelea katika kitabu cha pili.

Nilipiga kelele kuliko siku ya mtihani. Kuku walitawanyika. Nikakitupa kitabu kwenye maganda ya ndizi, nikakiokota, nikakifuta, nikamtukana mwandishi kwa lugha tatu, kisha nikacheka mpaka machozi kwa sababu nilikuwa nimekasirika kweli, mimi mtu mzima, kwa ajili ya watoto wawili ambao hawapo. Bibi alisubiri nitulie. Alikuwa anamenya ndizi moja polepole sana.

"Akasemaje?" akauliza.

"Bibi, kimeishia hapo. Hatujui."

"Hawezi kuishia hapo. Ameshasimama."

"Ndivyo walivyoandika."

Akamaliza ndizi ile, akaiweka kwenye sufuria. "Mimi pia niliulizwa hivyo," akasema. "Sebuleni kwa baba. Wajomba wamekaa, wazee wa upande wa pili wamekaa, lubisi imeshaanza kunyweka. Wakanileta, nikapiga magoti, wakaniuliza kama nina neno. Nikasema sina."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia habari hiyo. "Na ulikuwa nalo?"

"Babu yako alikuwa mtu mwema," akasema bibi. "Alinitunza. Sina la kumlaumu, Mungu amlaze pema." Akachukua ndizi nyingine. "Nimekuuliza wewe, mwana wange. Kitabu kimenyamaza. Basi sema wewe."

Nilidhani anataka nimtungie mwisho. Nikavuta pumzi nimtungie, nikamtazama usoni, na nikaona kwamba hangojei habari za mji wa chuma. Moyo ulinidunda kuliko ulivyodunda kwenye ukurasa wowote. Nikaweka kisu chini. Nikapiga magoti pale pale juu ya maganda, sijui kwa nini, magoti yenyewe yaliamua. Nikamtaja. Jina lake, la baba yake, kijiji chao cha Rubafu, kazi yake. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayekariri ubeti mbele ya darasa.

"Na kanisa?" akasema bibi.

"Katoliki."

"Na muziro?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, wiki tano nzima baadaye.

"Mji hauna ziwa," akasema bibi, na pembe za mdomo wake zilikuwa zimeanza kucheza. "Hauna mto, maji wanapimiwa kwa kikombe. Tangu lini watu wa mji huo wakamjua kamongo, mpaka wawe na mwiko wa kutomla? Nikasema moyoni, ngoja. Akaja akapanda mnara, akafanya ishara ya msalaba. Nikasema, ee, kumbe huyu ni mtu wa misa! Nilikuwa nakusubiri umlete mwenyewe. Nilifikiri utaniacha mpaka nife."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kitu ambacho nilidhani kinatokea vitabuni tu. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema la kanisa si dogo, atalizungumza, lakini atalizungumza na mtu mwenye masikio, yeye si mashine ya kugawa bangili. Kisha akanyoosha kisu kuelekea njiani. "Na ni bwana shamba? Migomba yangu inakufa huku umekaa na bwana shamba mfukoni?" Hapo alikuwa amekasirika kweli. "Jumamosi aje. Sasa inuka, nenda ukachume kahawa, zile ambazo hazijaiva sana. Nizichemshe, nizianike, zikauke kabla hajafika."

Kwetu huchemshi kahawa ya kutafuna kwa ajili ya mtu unayetaka kumfukuza. Nilitoka mbio na kikapu, nikasimama kwenye mibuni, nikapiga simu kabla sijachuma hata punje moja.

"Nimemwambia," nikasema. "Anasema uje Jumamosi."

Nilimsikia akizima pikipiki. "Amesema nini?"

Kabla sijajibu, sauti ya bibi ilikuja kutoka jikoni, sauti ya kwaya, iliyozoea kufika mpaka ukuta wa nyuma wa kanisa: "Mwambie asiogope kula kwangu! Kamongo hatupiki!"

"Amejuaje?" akauliza bwana shamba.

Nikamwambia ni hadithi ndefu, na kwamba akipita Bukoba sokoni kabla ya Jumamosi, kwenye mikoba ya mitumba, atafute kitabu cha pili, maana bibi hatakubali kufungua mazungumzo yoyote kabla hajajua kama yule msichana alisema.